Mwongozo wa kununua simu janja ya zamani kwa muuzaji wa ng'ambo bila kuangukia simu bandia

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilipozifungia mtandao simu bandia nchini kote, simu yangu ilikuwa miongoni mwazo. Nilikuwa nimeiagiza kupitia intaneti kwa muuzaji wa ng'ambo, ikaja ndani ya boksi lililozungushiwa nailoni, na kwa miezi kadhaa nilitembea nayo Jamatini na Sabasaba, hapa Dodoma, bila mtu yeyote kuitilia shaka. Kulipokucha iliwaka kama kawaida, saa ikasomeka, picha zikafunguka, lakini pale juu panapokaa jina la mtandao palikuwa patupu, na laini yangu nilipoihamishia kwenye kitochi cha jirani ikashika mara moja. Fundi wa Majengo niliyempelekea aliigeuza mara mbili, akanirudishia bila hata kuchukua bisibisi, akasema, "Kaka, hapa halisi ni boksi tu."

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Dodoma, au wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, anayetaka simu ya daraja la juu iliyotoka miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ile mpya haiwezi, na ambaye ameiona kwenye soko la mtandaoni la nje kwa bei inayovutia. Si kila simu ya namna hiyo ni feki. Zipo zilizotumika vizuri, na zipo zilizofanyiwa ukarabati wa haki. Tatizo ni kwamba simu bandia hutengenezwa kwa kuigiza hasa zile modeli zilizowahi kuwa na jina kubwa, na mnunuzi aliye umbali wa bahari nzima hana mkono wa kuishika kabla ya kulipa. Kwa hiyo kazi yote iliyoelezwa hapa ina shabaha mbili: kuhakikisha kwamba maelezo ya simu yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, kuanzia tangazo, namba ya IMEI inayoitambulisha simu, mwili hadi programu zilizo ndani, na kuhakikisha kwamba hadi makubaliano hayo yaonekane, fedha yako iko mahali ambapo bado unaweza kuidai.

Nitatumia Samsung Galaxy S9 kama mfano, kwa kuwa inaagizwa sana na inaigizwa sana, na pale inapobidi nitagusa iPhone.

Hatua ya kwanza: ijue modeli kuliko muuzaji anavyoijua

Kabla ya kufungua tangazo lolote, chukua daftari uandike sifa za modeli unayoitaka kama mtengenezaji alivyozitangaza, wala usizichukue kutoka kwa muuzaji. Kwa Galaxy S9 utaandika kwamba ilitoka mwaka 2018 ikiwa na Android 8, kioo cha inchi 5.8, RAM ya GB 4, hifadhi ya kuanzia GB 64, betri ya mAh 3000, kamera moja kubwa ya megapikseli 12 nyuma, kisomea alama za vidole chini ya kamera hiyo, tundu la kawaida la spika za masikioni, na uzito wa gramu 163. Utaandika pia kwamba toleo la mwisho la Android ambalo Samsung ililipelekea simu hiyo ni Android 10. S8 ya mwaka 2017 iliishia Android 9, na S7 ya mwaka 2016 iliishia Android 8.

Mstari huo wa mwisho una thamani kuliko yote, na ndio unaosahaulika kuliko yote. Watengenezaji wa simu bandia hupenda kuvutia wateja kwa namba kubwa, hivyo utakuta tangazo la "S9" yenye Android 13, RAM ya GB 12 na betri ya mAh 5000, na mnunuzi anafurahi akidhani amepata zaidi ya alichotafuta. Simu haikui baada ya kutoka kiwandani. Tangazo likiahidi sifa ambazo modeli hiyo haijawahi kuwa nazo, ama simu ni bandia, ama kuna mtu ameifungua na kuipachika programu ambazo si za mtengenezaji. Vyovyote iwavyo, iache.

Kwa upande wa iPhone, jambo la kuandika ni kwamba hakuna iPhone yoyote iliyowahi kuwa na nafasi ya kuweka memori kadi, na kwamba iPhone 8 na iPhone X ziliishia kwenye iOS 16. Angalia pia kama simu itaendelea kukufaa kwa matumizi ya kila siku: WhatsApp tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 au zaidi, maana yake ni kwamba iPhone 6 haiwezi tena kuitumia, ilhali iPhone 6s bado inaweza. Mtu aliyenunua iPhone 6 halisi kabisa, isiyo na kasoro, anaweza kujikuta na saa ya mezani yenye kamera.

Hatua ya pili: hakikisha itashika mtandao wa hapa

Simu inaweza kuwa halisi na bado isikufae. Simu nyingi zinazouzwa na watu wa Marekani na Japani zilitolewa na kampuni za mtandao kwa mkataba, na zimefungwa zisipokee laini ya kampuni nyingine. Ukiweka laini ya Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au TTCL, itakuomba namba ya kuifungua ambayo wewe huna na muuzaji naye hatakuwa nayo. Muulize muuzaji kwa maandishi, ndani ya mfumo wa ujumbe wa soko lenyewe, kama simu imefunguliwa kwa mitandao yote, na jibu lake lihifadhi.

Soma pia herufi za mwisho za namba ya modeli. Galaxy S9 yenye namba SM-G960F ni ya soko la kimataifa, ile ya U ni ya Marekani, na ile ya N ni ya Korea Kusini. Zote ni halisi, lakini masafa ya mawimbi ya mtandao zinayopokea hayalingani, hivyo lile toleo la kimataifa ndilo lenye usumbufu mdogo kwetu. Simu za Japani na Korea zina kichekesho chao: kamera hulia kila unapopiga picha na sauti hiyo haizimwi kwa njia ya kawaida, jambo linaloweza kukuaibisha kwenye ibada au kwenye kikao katika ofisi za serikali kule Mtumba.

Chaja haipaswi kukusumbua kichwa. Hapa tunatumia volti 230 na plagi ya miguu mitatu bapa kama ya Uingereza, kwa hiyo chaja ya Marekani itahitaji kiunganishi, na mara nyingi ni nafuu kununua kichwa kipya cha chaja kwenye duka linaloaminika.

Hatua ya tatu: lisome tangazo kama mkataba

Tangazo la muuzaji mwaminifu lina picha za simu ileile atakayoituma, zenye mikwaruzo yake na alama zake. Tangazo la kutiliwa shaka lina picha safi za kiwandani, na maneno yanayozunguka. Ukikuta "inafanana na S9", "toleo la kimataifa la kiwanda", "1:1", au jina la kampuni likiwa limekosewa herufi moja kwa makusudi, muuzaji amekwisha kukuambia ukweli kwa lugha yake, na siku ya malalamiko atakuonyesha kwamba hakuandika popote kuwa simu ni ya Samsung.

Neno jingine la kuangalia ni lile la simu "iliyofanyiwa ukarabati". Ukarabati unaweza kuwa umefanywa na mtengenezaji mwenyewe, au na fundi wa kichochoroni aliyeunganisha kioo cha simu moja na bodi ya nyingine. Kwa iPhone kuna njia ya kutofautisha: namba ya modeli katika mipangilio ikianza na herufi M, simu iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na F ilikarabatiwa na Apple au wakala wake, na ikianza na N ilitolewa kama mbadala wa simu iliyoharibika. Muuzaji anayesema "mpya kabisa" huku picha ya mipangilio inaonyesha F amesema uongo mdogo, na mimi binafsi huwa sisubiri ule mkubwa.

Yasome maoni ya wanunuzi waliotoa nyota mbili na tatu kabla ya yale ya nyota tano. Wale wa nyota tano huandika siku kifurushi kinapofika, kabla hawajaiwasha simu vizuri.

Hatua ya nne: omba IMEI na uifanyie hesabu

IMEI ni namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Huonekana kwenye kioo ukibonyeza *#06#. Mwombe muuzaji akutumie picha ya kioo cha simu kikionyesha namba hiyo, pamoja na karatasi pembeni yenye tarehe ya siku hiyo iliyoandikwa kwa mkono. Wapo wauzaji waaminifu wanaoficha tarakimu za mwisho hadi ulipie, kwa kuwa namba hizo huibwa, na hilo halina ubaya. Anayekataa kabisa kuonyesha hata tarakimu nane za mwanzo hana sababu ya maana, maana hizo nane hutambulisha aina ya modeli tu, wala si simu yake pekee.

Ukipata namba kamili, ifanyie kwanza hesabu ya mkono. Tarakimu ya 15 haipangwi kiholela, bali hutokana na zile 14 zilizotangulia. Chukua mfano wa 49015420323751-8. Kuanzia kushoto, tarakimu za nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea zizidishe kwa mbili, na jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe: 9 inakuwa 18, yaani 1 na 8, ambayo ni 9, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14, yaani 5, na 1 inakuwa 2. Jumla yake ni 30. Tarakimu zilizobaki bila kuzidishwa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ambazo jumla yake ni 22. Ukiziunganisha unapata 52, na ili kufikia kumi inayofuata, yaani 60, unahitaji 8. Tarakimu ya mwisho ni 8 kweli, kwa hiyo namba imepangwa sawasawa. Isipolingana, namba hiyo imetungwa na mtu asiyejua kanuni, na hapo hakuna haja ya kuendelea.

Kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba iliyotangazwa na TCRA wakati wa kampeni ya kuzima simu bandia, nawe utajibiwa jina la mtengenezaji na modeli ambayo IMEI hiyo imeandikishiwa. Jibu likisema ni simu ya modeli nyingine, au ya kampuni nyingine kabisa, umeokoa fedha yako kwa gharama ya ujumbe mmoja.

Hapa ndipo watu wengi huishia, na hapa ndipo wengi huumia. IMEI inayojibu vizuri haithibitishi simu, inathibitisha namba. Anayetengeneza simu bandia anaweza kuchukua IMEI ya simu halisi ya mtu mwingine na kuipachika kwenye simu elfu moja, na zote zitajibu "Samsung Galaxy S9" hadi siku mtandao utakapogundua kwamba simu moja iko Dodoma, Mwanza na Lagos kwa saa ileile. Jibu la 15090 ni sababu ya kukataa simu ikiwa ni baya, lakini likiwa zuri si sababu ya kutosha ya kuikubali. Kwa iPhone ongeza jambo moja: ingiza namba ya mfululizo ya uzalishaji, ile inayoitwa serial, kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua dhamana, uone kama modeli inayotajwa inalingana na iliyo kwenye picha.

Hatua ya tano: lipa kwa njia inayorudi nyuma

Lipa ndani ya soko lenyewe, kwa kadi. Benki zetu hutoa kadi za Visa na Mastercard zinazokubali malipo ya mtandaoni baada ya kuomba ziwezeshwe, na huduma za fedha za simu nazo zina kadi za mtandaoni zisizo na plastiki, ambazo unaziwekea kiasi cha ununuzi huo tu. Uzuri wa kadi ni kwamba unaweza kuiandikia benki yako ikudaie fedha irudishwe endapo bidhaa siyo iliyotangazwa. PayPal nayo inakupa siku 180 tangu kulipa za kufungua malalamiko, na eBay ina dhamana yake ya siku 30 baada ya kifurushi kufika.

Muuzaji akikuomba mhamie WhatsApp na umtumie fedha moja kwa moja ili "akupunguzie makato", elewa kwamba hayo makato anayotaka kuyakwepa ndiyo ulinzi wako. Na kuna mtego mwingine usioonekana kama mtego: masoko mengine huishikilia fedha yako hadi wewe ubonyeze kwamba umepokea mzigo. Wauzaji hukuomba kwa upole ubonyeze mapema. Usibonyeze mpaka umalize hatua ya nane ya mwongozo huu.

Hatua ya sita: usafirishaji na kodi

Namba ya ufuatiliaji ya posta za kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kwa mfano CN kwa China na HK kwa Hong Kong. Ukipewa mlolongo usio na umbo hilo, uliza ni wa kampuni gani ya usafirishaji kabla siku za kulalamika hazijapita. Andika anwani yako kwa sanduku la posta unalolifikia mwenyewe, pamoja na namba ya simu inayopatikana. Sanduku la ofisi ya zamani ya mjomba ndilo chanzo cha vifurushi vingi kulala.

Bajeti yako iwe na nafasi ya forodha. Kodi ya ongezeko la thamani kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na tozo nyingine. Kwa simu ya shilingi 200,000 iliyosafirishwa kwa shilingi 50,000, kodi hiyo pekee haitapungua shilingi 45,000. Muuzaji akijitolea kuandika kwenye karatasi kwamba ni zawadi ya dola kumi, mkatalie: ni tamko la uongo mbele ya Mamlaka ya Mapato, na simu ikipotea njiani, thamani utakayoweza kudai ni hizo dola kumi.

Hatua ya saba: kifungue kifurushi mbele ya kamera

Azima simu ya mwenzako, iweke mahali penye mwanga, na upige video bila kukata kuanzia lebo ya posta ikiwa haijachanwa hadi simu inapowaka na kuonyesha IMEI. Video hiyo moja ina nguvu kuliko barua kumi za malalamiko, kwa sababu muuzaji hawezi kusema kwamba ulibadilisha simu mwenyewe.

Linganisha IMEI ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, na kama ipo, na ile iliyochapwa nyuma au kwenye kitoroli cha laini. Kisha fanya jambo ambalo watu hulicheka: ipeleke kwenye mizani ya kielektroniki ya duka la vito au la viungo, ile inayopima gramu moja moja. Galaxy S9 iwe karibu na gramu 163, iPhone 8 karibu na 148, iPhone X karibu na 174. Simu bandia nyingi ni nyepesi, na nyingine huwekewa kipande cha chuma ndani ili mkono udanganyike, hivyo huzidi. Tofauti ya gramu mbili tatu ni ya mizani. Tofauti ya 20 ni ya simu.

Hatua ya nane: ipime simu kabla ya kuiamini

Angalizo kwanza. Simu bandia si hasara ya fedha tu. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza programu hasidi ya Android iitwayo Triada, na mwaka 2025 ikaripoti kwamba toleo lake jipya limekutwa likiwa limepandikizwa ndani ya simu bandia tangu kabla hazijauzwa. Programu ya namna hiyo inaweza kusoma ujumbe wako na kuiba akaunti, na kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakuiondoi, kwa sababu ndivyo ilivyotoka huko kiwandani. Kwa hiyo katika kupima, usiweke laini yenye fedha, usifungue benki, usiingize akaunti yako ya Google ya siku zote. Tengeneza akaunti mpya ya majaribio na utumie laini ambayo haina kitu.

Anza na vifungo. Kwenye Samsung, bonyeza *#0*#. Simu halisi kwa kawaida huleta ukurasa wa vibonyezo vya kupimia rangi za kioo, mtetemo, spika na vihisi, kila kimoja kikifanya kazi. Halafu izime S9, ushike kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, kile cha Bixby kilicho chini yake, na cha kuwashia. Simu halisi huleta ukurasa wa onyo unaokupa chaguo la kuendelea au kughairi. Ghairi kwa kitufe cha kupunguza sauti nayo itawaka upya. Simu bandia haina ukurasa huo, bali huleta orodha ndogo ya maandishi ya aina nyingine, au huwaka tu kana kwamba hujafanya kitu. Mimi nakipenda kipimo hiki kwa sababu waigizaji hushughulika sana na kile mteja anachokiona, na ukurasa huu mteja haoni.

Sasa ingia kwa prosesa. Pakua programu ya CPU-Z. Galaxy S9 ina prosesa ya Exynos 9810 au Snapdragon 845 kulingana na nchi iliyouziwa. Ukiona jina la MediaTek, shauri limekwisha, kwani hakuna S9 iliyotengenezwa na prosesa hiyo. Usisome kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu" peke yake, maana ukurasa huo ndio wa kwanza kuandikwa uongo.

Hifadhi ndiyo inayodanganya kwa ustadi zaidi. Simu itaandika GB 64 au 128 ilhali ndani mna GB 8, na utaendelea kupiga picha kwa wiki kadhaa hadi za zamani zianze kufunguka zikiwa kijivu. Dawa yake ni kuijaza. Nakili video kubwa kutoka kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, hadi upite nusu ya hifadhi iliyotajwa, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uzitazame hadi mwisho. Kama zote zinacheza, hifadhi ipo. Kazi hii inaweza kuchukua jioni nzima, na ni heri jioni hiyo kuliko picha za harusi ya dada yako.

Kioo kipime kwa kupiga picha ya skrini na kuangalia vipimo vyake. S9 ina kioo cha pikseli 2960 kwa 1440, lakini hutoka kiwandani ikiwa imewekwa 2220 kwa 1080 ili kutunza chaji, kwa hiyo usishtuke ukiiona hiyo ya pili. Nenda kwenye mipangilio ya skrini uipandishe, upige tena. Simu isiyokuwa na chaguo la kupandisha na inayotoa picha ndogo zaidi ya hapo si S9.

Kwa iPhone vipimo ni vichache na vya haraka. Fungua App Store; nyingi za bandia ni Android iliyovishwa sura, na ukibonyeza hapo utapelekwa duka la Google. Kisha hakikisha simu haina akaunti ya mwenye nayo wa awali, kwa maana tangu iOS 7 ya mwaka 2013 kuna kufuli linaloifunga simu kwa akaunti hiyo hata ikifutwa. Irudishe kwenye hali ya kiwandani mbele ya ile kamera yako na uianzishe upya: ikikuomba nywila ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, basi ni halisi lakini haijawa yako, na pengine iliibwa. Android nazo, tangu toleo la 5.1, zina kufuli la namna hiyo kwa akaunti ya Google.

Mwisho, iweke laini na uiache siku tatu nne ikipiga, ikipokea na kutumia bando, ukizunguka nayo. Simu inayoshika 4G katikati ya mji lakini inarudi 2G ukifika Ihumwa, nje ya mji, huenda ina tatizo la masafa, si lazima iwe bandia. Weka laini ya mtandao mwingine kabla ya kuihukumu.

Hatua ya tisa: ikibainika kuwa ni bandia

Fungua malalamiko siku hiyohiyo ndani ya soko ulilonunulia. Chagua sababu ya kwamba bidhaa ni bandia, badala ya kwamba "haikunipendeza", ambatisha video, picha ya CPU-Z na jibu la 15090, na uandike kwa ufupi. Muuzaji atakuahidi kukurudishia sehemu ndogo ya fedha ili ubaki na simu, na ukikataa ataongeza kidogo kidogo kama mnada wa ng'ombe. Kukubali kiasi chochote mara nyingi hufunga madai yote. Ikiwa soko linataka urudishe simu, uliza kwanza nani analipa usafiri, kwani nauli ya kurudisha China inaweza kukaribia bei uliyonunulia. Muda wa soko ukiisha bila jibu, iandikie benki yako.

Usimpelekee fundi akubadilishie IMEI ili ishike mtandao. Wapo watakaojitolea, lakini kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na simu itabaki na ule ugonjwa wake wa ndani. Wala usimuuzie mwanafunzi wa UDOM kwa bei ya hasara. Kuuza bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, hata kama wewe mwenyewe ulitapeliwa. Ukihitaji ushauri kuhusu simu iliyofungiwa, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma.

Simu isiyorudishika itumie bila laini na bila akaunti, na usiilaze kwenye chaji usiku kucha, kwani betri za simu hizi mara nyingi ni dhaifu kuliko zilivyoandikwa. Ile yangu ya 2016 niliipeleka Kongwa kwa mama, ikawa inampigia kengele ya saa kumi na moja alfajiri kwa karibu miaka miwili, hadi betri ilipovimba ikakinyanyua kioo, nikamwambia aitoe nje ya nyumba siku hiyohiyo.